Komo na Lilikotoka

Mwishoni mwa msimu wa korosho nilikuwa Mbesa, katika wilaya ya Tunduru mkoani Ruvuma, nimekaa chini ya mwembe baada ya alasiri, alipokuja kwangu mwanamume wa makamo akiongozana na binti wa miaka 19. Akaniamkia kwa taadhima, akanieleza kuwa yeye ni mjomba na yule ni mpwa wake, na kwamba haja iliyowaleta ni ya mpwa. Kwa Wayao, kama wajuavyo wasomaji wetu wa kusini, mjomba ndiye mwenye kauli juu ya watoto wa dada yake, na binti asingeweza kulileta jambo zito kama lile kwa mgeni pasipo yeye kuwapo. Binti alikuwa ameshusha mtandio hadi kwenye nyusi. Alipoupandisha kidogo akasema, kwa sauti ya mtu aliyeirudia hotuba yake njia nzima, kuwa anataka komo lake likatwe, maana ameona katika simu picha mbili za mwanamke wa nchi za mbali, kabla na baada, na ya pili ilikuwa kama ya mtu mwingine. Mjomba hakutia neno. Alikuwa akijifuta jasho, ilhali upepo wa jioni ulikwisha anza kuvuma, na kwenye kidole chake palikuwa na pete ya fedha iliyodidimia nyamani kama waya wa uzio uliomezwa na gome la mti.

Na niseme mapema rai yangu, ili msomaji asinifuate gizani. Komo ni jina moja yalilopewa mambo matatu yasiyo na udugu: umbo la urithi, athari ya maradhi ya utotoni, na alama ya maradhi yanayomzukia mtu ukubwani, na kisu cha urembo kina haki juu ya lile la kwanza peke yake, tena si kila mara. Swali la namna ya kulipunguza, ambalo ndilo linaloulizwa, halina jibu mpaka lijibiwe swali la lilikotoka, ambalo haliulizwi. Nami katika miaka yangu ya udaktari nimeona ya kuwa anayelilalamikia komo aghalabu ni mzima, na yule ambaye kwake komo ni dalili hulichukua kimya kimya, akadhani ni uzee.

Tuanze na umbo la urithi, kwa kuwa ndilo lenye elimu ya kupendeza zaidi. Mfupa wa paji la uso una mabamba mawili, la nje na la ndani. Bamba la ndani limeambatana na ubongo, nao ubongo wa mtoto hufikia karibu ukubwa wake wote angali na miaka sita au saba, na hapo bamba hilo hutulia. Bamba la nje, kwa upande wake, ni mali ya uso. Na uso haumalizi safari yake mapema, bali huendelea kusogea mbele pamoja na taya na pua hadi mtu apite balehe, hasa mwanamume, ambaye homoni za ujana humsukuma zaidi. Basi bamba moja limekaa, na jingine linakwenda; katikati yao panazuka nafasi, na nafasi ile haijazwi mfupa bali hewa, ikawa uvungu tunaouita sinasi ya paji, uliopo juu kidogo ya nyusi. Kwa mtu mmoja uvungu huo ni mdogo kama kunde, kwa mwingine umeenea kutoka jicho hadi jicho, na wapo wachache wasionao kabisa. Hili msomaji alishike vizuri, maana mambo yote ya upasuaji nitakayoyasimulia yanategemea hewa hiyo isiyoonekana: kitu kinachodhaniwa kuwa jiwe la mfupa, mara nyingi ni ukuta wenye unene wa milimita chache, na nyuma yake chumba kitupu.

Wala mtu wa Tanzania hana sababu ya kuliona komo kuwa jambo geni. Mwaka 1960 Louis Leakey aliokota katika bonde la Olduvai fuvu ambalo wataalamu wanaliita OH 9, la binadamu wa kale aliyeishi zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, na ukingo wa juu ya macho yake ni mnene hata hakuna mtu wa leo anayeweza kuukaribia. Miaka 39 kabla yake, huko Broken Hill ambako leo ni Kabwe nchini Zambia, wachimba madini walikuta fuvu jingine lenye komo la ajabu; na mwaka 2018 wataalamu wa Chuo Kikuu cha York walilipima fuvu hilo kwa hesabu za kompyuta, wakapunguza komo lake katika mfano ili waone kama kutafuna kungeudhuru mfupa, wasione tofauti ya maana. Wakaona kuwa nguvu ya meno haitoshi kulieleza, wakaelekea kwenye dhana kwamba huenda lilikuwa alama ya hadhi mbele ya wenzi. Sisemi kwamba dhana hiyo imethibiti. Nasema tu kwamba binti wa Mbesa alikuwa akilificha chini ya mtandio jambo ambalo pengine zamani lilitiwa mbele kwa fahari.

Sasa nije kwenye kisu. Elimu ya kupasua mifupa ya uso kwa ujasiri tumeipata kwa Paul Tessier, Mfaransa, ambaye katika miaka ya 1960 alionyesha kuwa mifupa ya uso na fuvu inaweza kukatwa na kuhamishwa bila ya mgonjwa kufa. Juu ya msingi huo alijenga Douglas Ousterhout wa San Francisco, ambaye mwaka 1987 alichapisha makala juu ya kulipa paji la uso sura ya kike, akayagawa mapaji kwa makundi, na mgawanyo wake ndio tunaoutumia hata leo. Kundi la kwanza ni la wale ambao bamba lao la nje ni nene au hawana uvungu; kwao mpasuaji hupiga randa tu, kwa mashine yenye ncha ya kusaga, kama seremala anayelainisha ubao, akakoma kabla hajatoboa. Kundi la pili ni la wale ambao komo lao si kubwa bali sehemu iliyo juu yake ndiyo iliyobonyea. Hapo dawa si kupunguza bali kuongeza, yaani kulijaza bonde kwa saruji ya mifupa hadi kilima kisionekane tena kuwa kilima. Kundi la tatu, ambalo ndilo la wengi wenye komo la kweli, ni la wale wenye uvungu mpana na ukuta mwembamba: ukipiga randa utatokea kwenye hewa kabla hujapata ulichokitaka. Kwa hao mpasuaji huutoa ukuta wote wa mbele kama mtu anayeondoa kigae, akauchonga mezani, kisha akaurudisha nyuma zaidi ya pale ulipokuwa, akaufunga kwa vibamba na skrubu za titani.

Njia ya kuufikia mfupa ni moja katika mbili: ama mkato wa kutoka sikio hadi sikio, uliojificha ndani ya nywele, ama mkato wa kwenye mpaka wa nywele na paji, ambao una faida ya kuweza kuushusha mpaka wenyewe na kuzipandisha nyusi kwa mara moja. Mgonjwa hupewa nusu kaputi, hulazwa, huamka ana macho yaliyovimba yakawa meusi, na hukaa wiki mbili hivi kabla ya kupenda kutazamwa; uvimbe wa mwisho huchukua miezi. Utosi wake hufa ganzi kwa muda, pengine kwa daima, kwa kuwa mishipa ya fahamu inayotoka juu ya macho huvutwa katika kazi hiyo. Jambo la kumtisha zaidi mpasuaji ni ukuta wa nyuma wa uvungu: ukipata ufa, maji ya ubongo huvujia puani, na njia ya homa ya uti wa mgongo imefunguka. Na uvungu ambao mlango wake wa kumwaga kamasi umezibwa kwa bahati mbaya waweza kulimbikiza kamasi kwa miaka, ukavimba na kulisukuma jicho, wakati mgonjwa amekwisha sahau kuwa alipata kupasuliwa. Kwa watu wetu naongeza jambo moja: ngozi nyeusi ina tabia ya kuotesha kovu lililovimba, keloidi, na mtu ambaye kutogwa sikio kulimwachia nundu hana budi kulisema hilo kabla ya kitu chochote.

Zipo njia zinazojiita nyepesi. Sindano ya kulegeza misuli haigusi mfupa hata kidogo. Kazi yake ni kuzipandisha nyusi na kulainisha makunyanzi, na anayeiuza kuwa ni ya kupunguza komo anauza kisichokuwamo chupani. Sindano ya kujaza ina mantiki, kwa sababu inaiga lile kundi la pili la Ousterhout kwa muda wa miezi kadhaa. Lakini naomba isidharauliwe kwa kuwa ni sindano. Kati ya nyusi mbili hupita mishipa midogo ya damu iliyounganika na ile ya jicho, na dawa ikiingia ndani ya mshipa badala ya kando yake, husafiri kinyumenyume hadi kwenye jicho, na mtu hupofuka akiwa amekaa kitini. Eneo hilo ni miongoni mwa maeneo ya uso yenye hatari kubwa kabisa ya upofu wa namna hiyo, na bado nasikia watu wakidungwa katika saluni, na mkono ulionyoa nywele asubuhi.

Ziko dhana ambazo nimechoka kuzisikia, lakini mwandishi wa safu hana ruhusa ya kuchoka. Wapo wanaoamini kuwa komo ni hazina ya akili, na wengine kuwa ni alama ya ukaidi. Wa kwanza, nadhani, wamechanganya kipaji cha uso na kipaji cha karama, maneno mawili yanayofanana sauti, la pili likitokana na kupa, na komo halimpi mtu akili wala halimnyang'anyi, kwani lililojaa ndani yake, kama nilivyokwisha eleza, ni hewa. Wapo wanaolaumu ndoo za maji walizobebeshwa utotoni. Uzito wa kichwani huenda shingoni na mgongoni, haulisukumi paji mbele. Wapo wakunga wa nyumbani ambao humkanda mtoto mchanga kichwa kwa kitambaa cha moto ili paji lilale. Kichwa kilichobanwa wakati wa kuzaliwa hujirudi chenyewe katika siku au wiki chache, na mkandaji hupewa sifa ya kazi iliyofanywa na maumbile. Ama komo la ukubwani, siku ile mkunga anapokanda halijakuwapo hata la kukandwa. Kilichopo ni utosi usiofunga, na huo haupendi mikono.

Na lipo komo ambalo si komo. Wanawake wengi huja kulalamika juu ya paji, nami nikitazama vizuri naona mfupa uko sawasawa, ila nywele zimekimbia. Misuko ya kubana, rasta nzito zilizofungwa nyuma kila mwezi tangu utotoni, hung'oa nywele za mbele taratibu, na mpaka wa nywele ukirudi nyuma vidole viwili, paji la wastani huonekana kuwa uwanja. Hapo mtu atakayepiga randa mfupa amemdhulumu mgonjwa mara mbili. Dawa yake ni kulegeza msuko mapema, kabla mashina ya nywele hayajafa. Na ikiwa yamekufa, basi la kushughulikiwa ni ngozi yenye nywele, wala si fuvu.

Yote hayo ni ya mtu mzima mwenye afya. Sasa mtoto. Mtoto ambaye paji lake limetokeza si wa kupelekwa kwa mtu wa urembo, hata siku moja. Ni wa kupimwa. Katika nchi yetu, ambayo huhesabiwa miongoni mwa zile chache duniani zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na selimundu, jambo la kwanza la kufikiriwa ni damu. Chembe nyekundu zikivunjika haraka, uboho hulazimika kufanya kazi ya ziada, hutanuka ndani ya mifupa ya fuvu, na paji na mashavu hutokeza. Mwaka 1954 Anthony Allison, tabibu aliyelelewa Kenya, alionyesha kwa vipimo vya Afrika Mashariki kuwa asili ya selimundu huenea palipo na malaria, kwa kuwa anayeirithi kwa mzazi mmoja tu hupata kinga. Na kusini mwetu malaria si mgeni. Mtoto huyo anahitaji penisilini ya kinga hadi atimize miaka mitano, chanjo zake zote, na hydroxyurea kadiri atakavyoamua daktari, kama ilivyofundishwa na watu wa Muhimbili chini ya Profesa Julie Makani, ambao tangu mwaka 2004 wamekuwa wakiwafuatilia wagonjwa wa selimundu kwa maelfu. Jambo la pili ni matege, ambayo hayapindi miguu tu, bali hulifanya paji kuwa la pembe nne, kwa upungufu wa vitamini D au wa madini ya chokaa. La tatu ni kichwa maji, ambacho kila wiki inayopotea hupotea pamoja na ubongo. Na kwa hicho zipo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, na kule Mbale nchini Uganda hospitali ya CURE, ambako Benjamin Warf alionyesha njia ya kuyafungulia maji mlango ndani ya ubongo wenyewe bila ya kumwachia mtoto mpira wa kudumu.

Limebaki komo la tatu, la maradhi ya ukubwani, na hapa namrudia mjomba. Nilipomaliza kumsikiliza binti nilimwomba yeye anipe mkono, akanipa akidhani ni wa kuagana. Kiganja kilikuwa kinene na laini kama mkate, chenye unyevu. Nikamuuliza habari za pete. Akacheka, akasema aliivaa siku ya nikaha, ikiingia na kutoka bila sabuni, na sasa haitoki ila kwa kukatwa. Viatu je? Amepanda namba mbili tangu awe na miaka thelathini, na kandambili anazinunua kwa fundi wa matairi. Meno ya chini yameachana. Anakoroma hata mkewe amehamia chumba cha watoto. Ana kichwa kinachomuuma asubuhi. Na siku hizi hujigonga bega kwenye fremu za milango, kwa kuwa pembeni haoni vizuri. Komo lake lilikuwa kubwa kuliko la mpwa mara mbili, naye hakuwa amelileta.

Maradhi hayo Pierre Marie wa Paris aliyapa jina la akromegali mwaka 1886. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kadiri ya punje ya kunde, na ndani yake huota uvimbe, kwa kawaida usio wa saratani, unaomwaga homoni ya kukua kwa mtu ambaye amekwisha maliza kukua. Mifupa mirefu imekwisha funga, haiwezi kurefuka. Basi hunenepa inayoweza, ikawa taya, vidole, nyayo na paji. Kwa kuwa hayo huja polepole, anayekaa na mgonjwa haoni badiliko, na mara nyingi hupita miaka mitano, hata kumi, kabla ya mtu kuyatambua. Wakati huo sukari, shinikizo la damu na moyo uliotanuka vinafanya kazi yao. Damu hupimwa kiasi cha IGF-1, tezi hupigwa picha ya MRI, na uvimbe hutolewa kwa kupitia puani, pasipo kovu la nje. Kumchonga komo mtu huyu kabla ya kuushughulikia uvimbe ni kupaka chokaa nyumba inayoungua.

Nataraji hapa mwenye maadili makali ataniuliza kwa nini basi nisiseme wazi kuwa upasuaji wa urembo ni ghururi, na kwamba binti aridhike na alivyoumbwa. Siwezi kusema hivyo nikiwa nimesimama juu ya ardhi ya Ruvuma na Mtwara. Karl Weule, Mjerumani aliyezunguka nchi ya kusini mwaka 1906, aliandika na kuchora chale za Wayao, Wamakua na Wamakonde, na ndonya za midomo; bibi zetu walichanjwa nyuso kwa kisu na masizi, wakavumilia, wakatoka wamekamilika machoni mwa watu wao. Mwili kutengenezwa ili ukubaliane na jicho la jamaa si jambo lililoletwa na simu. Tofauti naiona mahali pengine: chale za bibi zilikuwa za kumtia ndani ya kundi linalomjua, na sura aliyoitaka binti ilikuwa ya mtu asiyemjua, iliyopigwa kwa taa ambayo haimuliki Mbesa. Hata hivyo mtu mzima mwenye akili timamu, ambaye komo lake limemtesa kwa dhihaka tangu shuleni na ameyaelewa ya mbele na ya nyuma, akitaka kulipunguza, mimi simwiti mpumbavu.

Ila nitamwekea masharti. Apigwe picha ya CT, mashine ambayo siku hizi imefikishwa katika hospitali nyingi za mikoa, ili uvungu na kuta zake vijulikane kwa milimita kabla ya mtu kutaja kisu. Mpasuaji asiye na picha hiyo asikubaliwe hata akiwa na jina kubwa. Apimwe damu, na umri wake uwe umepita wakati wa kukua, kwani mfupa unaosafiri hauchongwi njiani. Apasuliwe na mtu aliyesomea mifupa ya uso, si wa ngozi tu, mahali penye daktari wa ubongo karibu. Na kwa mtu wa Tunduru jambo hilo maana yake ni Dar es Salaam, na kukaa huko wiki kadhaa, wala si kupanda basi siku ya nne na bendeji kichwani, kisha homa imshike njiani. Wizara nayo ingefanya jema kuwafunza wauguzi wa zahanati swali moja tu la nyongeza, la pete na viatu, na kuwapa madaktari bingwa wanaozunguka wilayani mamlaka ya kutoa rufaa papo hapo, kwa maana ni katika ziara kama hizo ndipo mjomba wa namna ile anapoweza kuonekana, akiwa amemsindikiza mwingine.

Binti nilimpapasa paji. Mfupa ulikuwa wa kawaida kabisa, wenye mwinuko mdogo kama wa mama yake, ambaye binti alinionyesha picha yake simuni. Nywele zake za mbele ndizo zilizokuwa zimelegea kwa rasta za miaka. Nilimweleza hayo, akanuna kidogo, kama anunavyo mtu aliyenyang'anywa ugonjwa. Lakini yeye ndiye aliyempeleka mjomba wake Dar es Salaam, akajifunza majina ya vipimo kuliko mimi nilivyotazamia, akanipigia kila alipopewa karatasi.

Mfupa uliokwisha nenepa haurudi. Nyama ndiyo inayorudi. Miezi minane baada ya mjomba kupasuliwa puani, binti alinipigia kuniambia kuwa ile pete, ambayo sonara wa Tunduru alikuwa amekataa kuikata kwa kuogopa kumjeruhi, imetoka usiku kwa mafuta ya nazi, na kwamba mjomba ameivaa tena asubuhi. Nikangoja aniulize habari za komo. Aliniuliza kama nimepata kula ng'onda wa Mbamba Bay.